Tamthilia ya baa si ya kusindikizia bia

Wengi huamini kwamba mchezo wa kuigiza ukichezwa ndani ya baa, basi ni kichekesho cha kusindikizia bia, na waigizaji wake ni wale waliokosa nafasi kwenye kumbi kubwa.

London inaonyesha vingine. Ukumbi huwa chumba cha peke yake, ghorofani au nyuma ya baa, mara nyingi chenye viti visivyozidi 100. Asili yake ni ya mbali: katika karne ya 16 tamthilia zilichezwa kwenye nyua za nyumba za wageni jijini humo. Desturi hiyo ilihuishwa Islington, eneo la London, mwaka 1970, miaka miwili baada ya kufutwa sheria iliyodai kila mchezo upate kibali cha serikali.

Utamu wake hasa ni ukaribu. Mwigizaji akivuta pumzi unamsikia. Akidanganya, unaona jicho likimcheza. Jukwaa kubwa haliwezi kukupa hilo.

Ukitaka kuhakikisha, soma tangazo kabla ya kukata tiketi: nani kaandika, nani kaongoza, wamefanya kazi wapi. Kisha fuatilia mchezo ulikohamia baadaye. Baadhi hufika West End, eneo la kumbi kubwa za London.