Hati safi, shangazi wa diwani na mashine ya mawese

Ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishatoka, bango la pongezi hutundikwa kabla hata ripoti haijafunguliwa. Hati safi! Keki inakatwa, mkurugenzi anamlisha mwenyekiti, mwenyekiti anamlisha mkurugenzi. Nimekalia kiti cha ukaguzi wa ndani hapa Kigoma (halmashauri siitaji, nina familia), na swali ninaloulizwa Mwanga mpaka Ujiji ni hili: kama hati ni safi, mbona mkopo wa vijana kauchukua shangazi wa diwani?

Ndugu zangu, hayo mawili yanakaa nyumba moja bila kugombana. Hati safi, au kwa lugha ya ofisi hati inayoridhisha, inasema hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina kasoro kubwa kiasi cha kumpotosha msomaji. Basi. Haimpimi mtu tabia. Fedha ikiliwa kidogo kidogo, kwa vocha yenye mihuri yote, hati inabaki nyeupe kama kanzu ya Idi. Hoja ya ukaguzi, yaani dosari inayotakiwa kujibiwa, itaandikwa, ndiyo, lakini kurasa za ndani, ambako wakata keki hawafiki.

Sasa huo mkopo. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Waheshimiwa wetu wana huruma sana. Waliposikia hakuna riba, na anayedai ni mtu wanayeweza kumhamisha, wakaona si vizuri kuwaachia maskini mzigo wa deni peke yao.

Kinachotakiwa ni kikundi, na kikundi ni karatasi: katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, akaunti ya benki, andiko la mradi. Hapa niwape siri ya kazi. Faili likiwa zuri mno, kaa nalo chonjo. Faili la akina mama wa dagaa wa Kibirizi linanuka dagaa. Muhtasari umeandikwa kwa kalamu mbili, kuna dole gumba mahali pa sahihi, na jina moja limekatwa kwa sababu mwenyewe aligombana na mweka hazina. Faili la kikundi hewa limechapwa na kubanwa vizuri, sahihi zote zimelalia upande mmoja, na "vijana" watatu wana namba moja ya simu. Mradi? Kukamua mawese. Nani Kigoma atabishana na mawese?

Ukienda kuiona mashine unaonyeshwa michikichi ya mheshimiwa, mirefu, imezaa kabla kikundi hakijasajiliwa. Mashine iko njiani. Kwetu huku, kwa reli au kwa barabara, njiani ni mbali.

Msije mkamrukia afisa maendeleo ya jamii wa kata aliyethibitisha. Dada wa watu alipigiwa simu usiku, akatajiwa kijiji kisicho na umeme, akathibitisha. Na mimi mkaguzi? Taarifa yangu naipeleka kwa mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa malipo yale yale. Ananishukuru kwa kazi nzuri, kisha gari la ukaguzi linakosa mafuta kwa wiki kadhaa. Ajabu ni kwamba siku za harusi za wakubwa gari hilo hilo lenye namba za SM, za serikali za mitaa, mafuta huyapata.

CAG aliziandika habari za vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa mwaka baada ya mwaka, hadi 2023 serikali ikaisimamisha mikopo yenyewe. Mwaka uliofuata ikarudi na utaratibu mpya. Tuupe muda, ingawa binafsi naona kubadilisha utaratibu ni rahisi kuliko kumdai mtu anayekupitishia bajeti.

Maana kudai nako kuna madaraja. Mama wa dagaa akibakiza laki mbili, mtendaji anafika na mgambo asubuhi, kabla hajaanika. Kikundi cha mheshimiwa kinaandikiwa barua ya kumbusho, tena inaanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Mimi naandika hoja, menejimenti inajibu: "Ufuatiliaji unaendelea." Jibu hilo ninalo kwenye faili kwa kila mwaka wa fedha. Wanachobadilisha ni tarehe tu, na safari moja waliisahau hata hiyo.