Kondoo Kukonda Kiangazi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kondoo wa mbegu nzuri hakondi.

Hukonda. Nyasi zikikauka, protini yake hupungua na nyuzi zake huwa ngumu kumeng'enywa, hivyo hata mnyama anayeshinda malishoni kutwa nzima hapati kinachomtosha. Kinachozitofautisha mbegu ni kile kinachotangulia kutumika mwilini, mafuta au misuli, na wepesi wa mnyama kurudia hali yake mvua zinaponyesha. Majaribio yaliyofanywa Australia Magharibi yalilinganisha Merino (kondoo wa sufu), Dorper (kondoo wa nyama) na Damara, kondoo wa mkia mnene mwenye asili ya Namibia na Angola. Damara alihimili upungufu wa chakula vizuri kuliko Merino, kwa kuwa hutumia akiba yake ya mafuta na kulinda misuli.

Dhana: Mkia mnene ni ghala la maji.

Ni ghala la nishati, na gramu moja ya mafuta hubeba nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Ni kweli kwamba mafuta yanapotumika mwilini hutoa maji kiasi, lakini kazi hiyo huhitaji oksijeni, na kila pumzi inayoileta hutoka na unyevu. Hata kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, ambaye mafuta yake yamejaa kwenye matako, hana budi kunyweshwa.

Dhana: Mbegu kubwa ina faida zaidi popote pale.

Hapa ndipo makosa yanapowagharimu wafugaji zaidi. Dorper alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kupandisha mbegu mbili, Dorset Horn wa Uingereza na Persian mwenye kichwa cheusi, ambaye naye asili yake ni Somalia. Kwa hiyo si mgeni wa jua kali. Wafugaji wa Kajiado, nchini Kenya, wamempandisha na kondoo mwekundu wa Kimasai ili wapate chotara wenye uzito unaopendwa sokoni, na sababu yao ni ya haki. Lakini mwili mkubwa hudai zaidi kila siku: kondoo wa kilo 60 huhitaji takriban mara 1.7 ya nishati anayoihitaji wa kilo 30 ili kujikimu tu, na mahitaji hayo hayapungui sana kwa sababu malisho yameisha.

Zaidi ya hayo, njaa ya kiangazi haiishi siku mvua inapoanza. Unyevu huamsha minyoo inayofyonza damu tumboni, na kondoo aliyetoka kiangazi akiwa amedhoofu hana protini ya kutosha kufidia damu hiyo. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ulionesha kwamba wanakondoo wekundu wa Kimasai walikuwa na mayai machache ya minyoo kinyesini na upungufu mdogo wa damu kuliko wa Dorper, na vifo vyao vilikuwa vichache. Katika nyanda kame, ambako minyoo ni michache, pengo hilo hupungua na uzito wa Dorper huonekana. Ndiyo maana kuuza majike yote mekundu kwa ajili ya uzito wa msimu mmoja mzuri ni hasara inayosikitisha: damu ya mbegu ikishapotea zizini, hairudi kwa urahisi.

Dhana: Mizani inatosha kujua hali ya kondoo.

Tumbo lililojaa nyasi kavu na maji huficha misuli inayopungua. Ni afadhali kupapasa uti wa mgongo nyuma ya mbavu na kutoa alama kuanzia 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenenepa sana). Kwa kondoo wa mkia mnene, papasa na mkia pia, kwa sababu mgongo wake huweza kuonekana mkavu ilhali akiba bado ipo.

Dhana: Jike mnene mwenye mimba anaweza kuvumilia njaa.

Mimba ya kondoo huchukua takriban siku 150, na sehemu kubwa ya ukuaji wa mwanakondoo hutokea katika wiki sita za mwisho. Chakula kikikatika wakati huo, mafuta hufurika kwenye ini kuliko linavyoweza kuyashughulikia, na jike hulegea, huacha kula, kisha huweza kufa. Mwenye mapacha yumo hatarini zaidi, na unene wake haumkingi, bali humzidishia hatari. Huyo ndiye wa kuwekewa majani mabichi au pumba kwanza, kabla ya madume na majike wasio na mimba.