Kupunguza Chakula, Asidi Amino na Kuzeeka kwa Afya

Katika elimu ya lishe, kupunguza chakula kwa mpango maana yake ni kumpa kiumbe chakula pungufu kuliko kile ambacho angekula kwa hiari yake, huku akiendelea kupata vitamini, madini na virutubishi vingine vyote ambavyo mwili wake hauwezi kukosa. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloitenga dhana hii na njaa. Anayekula mlo mmoja kwa siku kwa kukosa fedha hayumo katika habari hii; huyo ana utapiamlo, au yuko njiani kuupata.

Mwaka 1935, Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walitangaza kwamba panya waliopunguziwa chakula tangu udogoni, lakini wakapewa vitamini na madini ya kutosha, waliweza kuishi muda mrefu kuliko wenzao waliokula hadi kushiba. Kwa miongo mingi maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba siri imo katika kalori. Nzi wa matunda ndio walioyatia shaka maelezo hayo. Maabarani nzi hao hulishwa sukari na hamira, na hamira ndiyo inayowapa protini. Ikaonekana kwamba kuwapunguzia hamira kunarefusha maisha yao zaidi kuliko kuwapunguzia sukari yenye kalori zilezile.

Hapo ndipo asidi amino zinapoingia. Protini zote za mwili hujengwa kwa asidi amino za aina 20 hivi, na kati ya hizo mtu mzima hana budi kuzipata 9 kutoka kwenye chakula kwa kuwa mwili wake hauwezi kuzitengeneza. Miongoni mwake ni methionini, lisini, triptofani na liusini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha London cha UCL waliwarudishia nzi waliopunguziwa chakula kundi moja la virutubishi baada ya jingine, ili waone ni kipi hasa kinachofuta faida ya kula kidogo. Vitamini, mafuta na wanga havikuleta tofauti. Zilipoongezwa asidi amino za lazima zote kwa pamoja, nzi walitaga mayai mengi zaidi na maisha yao yakafupika. Ajabu ni kwamba methionini ilipoongezwa peke yake, mayai yaliongezeka bila maisha kufupika. Kwa maoni yangu, jaribio hilo dogo lina uzito kuliko mengi yaliyokuja baadaye, kwa sababu linaonyesha kwamba uwiano wa asidi amino una sauti yake mbali na wingi wa chakula. Kwa panya, methionini ilijitokeza kwa namna nyingine: wale waliolishwa chakula chenye methionini kidogo sana, bila kunyimwa chakula chenyewe, waliishi takriban asilimia 30 zaidi, ingawa walibaki na miili midogo.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo mTOR ambayo hupima kama vifaa vya ujenzi vipo, na liusini ni mojawapo ya ishara inazozisikiliza sana. Asidi amino zikiwa tele, mTOR huamuru seli ikue na kutengeneza protini mpya; zikipungua, amri hiyo hulegea, na seli hugeukia kuvunja sehemu zake zilizochakaa ili izitumie upya. Jina la protini hiyo limetokana na rapamisini, dawa inayoizuia, ambayo asili yake ni bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Mwaka 2009 ilithibitika kwamba panya wa maabara walioanza kupewa dawa hiyo wakiwa tayari wazee waliishi zaidi ya wasiopewa.

Kadiri tunavyomkaribia binadamu, ndivyo mambo yanavyokuwa magumu. Tafiti mbili za Marekani zilizofanywa kwa tumbili wa rhesus zilitofautiana: ya Wisconsin iliona faida katika urefu wa maisha, ile ya Taasisi ya Taifa ya Kuzeeka haikuiona. Vyakula vyao havikufanana, maana tumbili wa Wisconsin walikula sukari nyingi zaidi, na wale wa huko wasiopunguziwa chakula waliachiwa wale watakavyo. Kwa watu, jaribio la CALERIE la miaka 2 lililenga kupunguza kalori kwa asilimia 25, washiriki wakafikia kama asilimia 12 tu. Hata hivyo shinikizo la damu na lehemu mbaya vilishuka. Miaka 2 haitoshi kumwambia mtu ataishi hadi lini.

Umri nao hugeuza hesabu. Misuli ya mzee huitikia protini kwa shida, hivyo wataalamu wengi humshauri mwenye zaidi ya miaka 65 apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, badala ya 0.8 ya mtu mzima wa kawaida. Mwenye figo zilizodhoofika hupangiwa kiwango chake na daktari.

Kwa hiyo ushauri wa kupunguza protini, uliozaliwa katika nchi ambako nyama huliwa karibu kila siku, haufai kuhamishiwa nzimanzima kwa anayeishi kwa ugali. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani. Maharage yana lisini ya kutosha ila methionini kidogo, na vikiliwa pamoja kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Bibi aliyeyaacha maharage kwa sababu ya gesi, akabaki na chai na mkate asubuhi na ugali kwa mchicha jioni, hahitaji kupunguziwa kitu: anahitaji yai, maziwa, au dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye uji wake.