Je, Wajua kwa Nini Mwiko wa Kuzungumzia Ngono Hukwamisha Kinga ya VVU?

Mwiko wa kuzungumzia ngono huwekwa kwa nia ya kulinda heshima na malezi, lakini hauizuii ngono yenyewe. Unachozuia ni swali lililopaswa kuulizwa mapema, na katika kinga ya VVU kuchelewa kuna gharama kubwa.

Chukua mfano wa dawa za dharura zinazojulikana kama PEP. Mtu aliyefanya ngono bila kinga, au aliyebakwa, anaweza kuepuka maambukizi endapo ataanza kuzimeza ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi, kisha aendelee nazo kwa siku 28. Ili azipate, hana budi kumweleza mhudumu wa afya kilichotokea. Binti aliyekuzwa akijua kwamba mambo hayo hayatajwi mbele ya mtu mzima atazimaliza saa hizo akitafuta pa kuanzia, na akipokewa kwa maswali makali kuhusu mwenendo wake, huenda asiseme lolote. Dawa ipo kabatini, naye anarudi nyumbani bila kuipata.

Haya hiyohiyo huingia katika mafundisho. Mwalimu anayehimiza vijana waepuke tabia hatarishi bila kuzitaja huwaachia kazi ya kukisia, nao hukisia vibaya. Ngono ya njia ya haja kubwa huambukiza VVU kwa urahisi zaidi kuliko ya ukeni, lakini kwa kuwa ndiyo isiyotamkika kabisa, wapo wanaoiona salama eti kwa sababu haileti mimba. Hili linanisikitisha kuliko yote, kwani sentensi moja ya wazi ingetosha kuwaonya.

Hata wanandoa hawasalimiki: mke anayetaka kondomu itumike huonekana anamtuhumu mumewe, au anajifichua mwenyewe, hivyo hunyamaza.

Wazazi wengi huogopa kwamba kusema ni kuchochea. Hofu hiyo inaeleweka, ila mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti nyingi, unaonyesha kuwa elimu kamili ya jinsia haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Baadhi yao huchelewa zaidi, na wanapoanza hutumia kondomu kwa wingi kuliko wenzao wasiofundishwa.