Antena za Dar es Salaam zilipoelekea Zanzibar

Wanafunzi wanaotembelea chumba chetu cha vifaa vya zamani vya mawasiliano huwa hawaamini wakiambiwa kwamba Dar es Salaam ilikuwa na watazamaji wa televisheni kwa miaka mingi kabla ya kuwa na kituo chake chenyewe. Seti zilikuwepo sebuleni, ila picha ilitoka ng'ambo ya bahari. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere ilishikilia kwamba televisheni ni anasa kwa nchi maskini, na redio inatosha kumfikia mkulima.

Kuinasa picha ile ilikuwa kazi. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu moja kwa moja, hayajipindi sana kuufuata mviringo wa dunia. Chukua mnara wa mita 100 upande mmoja na antena ya mita 10 juu ya bati upande wa pili: kwa kawaida vitaonana hadi kilomita kama 54. Kutoka mjini Zanzibar hadi Dar ni kilomita 70 hivi. Ndiyo maana watu waliunga bomba juu ya bomba, wakafunga waya pande zote, wakaelekeza fito za alumini kaskazini. Bahari nayo ilisaidia. Hewa kavu yenye joto ikitanda juu ya hewa yenye unyevu iliyolala juu ya maji, mawimbi hupinda na kufika mbali kuliko kawaida. Kwa hiyo leo picha safi, kesho chenga tupu, na mtoto kapandishwa darini kuzungusha mlingoti huku ndugu yake akipiga kelele dirishani: "Bado! Rudi kidogo! Hapo hapo!"

Mambo yalibadilika baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Majirani zetu wa Kenya walikwishapata kituo binafsi, KTN, tangu 1990. Hapa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ilivunja ukiritimba wa serikali na kuunda Tume ya Utangazaji ya kutoa leseni. Mwaka uliofuata jiji likapata vituo binafsi: CTN, ITV ya mfanyabiashara Reginald Mengi, na DTV. Wengi hudhani serikali ilitangulia na wafanyabiashara wakafuata, kama ilivyokuwa kwa redio. Kwa televisheni ya Bara ilikuwa kinyume: Televisheni ya Taifa, TVT, ilikuja karibu na mwaka 2000, watazamaji wakiwa tayari wameshazoea vituo vya watu binafsi.

Sheria haikuwaachia wenye vituo hivyo uwanja wote, lakini. Kituo binafsi kiliruhusiwa kufikia robo tu ya nchi. Kusikika na kuonekana kila mahali kulibaki kwa chombo cha dola. Binafsi naona sharti hilo lilivifanya vituo vile vizidi kuwa vya mjini. Matangazo ya biashara ndiyo yaliyowalisha, na wanunuzi walikuwa Dar. Hata hivyo walileta jambo ambalo mlingoti wa kuelekea Zanzibar usingeleta: uchaguzi wa vyama vingi wa Oktoba 1995 ulikuta kamera za wenyeji zipo, na baadaye vikundi vya maigizo kama Kaole vikaingia sebuleni kupitia ITV, vikiwa na nyuso na lafudhi za uswahilini. Baadhi ya nyuso hizo, Steven Kanumba mmojawapo, ndizo zilizokuja kuibeba Bongo Movie, yaani filamu za Kitanzania.

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, zama za ving'amuzi zikaingia. Ukiona mlingoti wenye kutu juu ya nyumba ya zamani, angalia fito zake zimeelekea wapi. Zikiwa kaskazini, huenda uliwekwa kabla ya 1994, ingawa upepo wa kusi nao huzungusha.