Kwa nini waridi la Naivasha huuzwa Uholanzi?

Waridi lililokatwa Naivasha alfajiri huweza kuwa mezani mwa mtu Ujerumani siku chache baadaye. Njiani, mara nyingi, limepitia Aalsmeer, mji mdogo karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi. Uholanzi ni nchi ya mawingu, na wakati wa baridi waridi haliwezi kumea huko bila kupashwa joto. Imekuwaje basi ikawa soko kuu la maua duniani?

Upande wa Kenya hesabu ni rahisi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Jua ni la saa kumi na mbili mwaka mzima na usiku ni wa baridi, kwa hiyo tumba hukua polepole na kunenepa. Mishahara ya wavunaji nayo ni midogo, jambo ambalo wenye mashamba hawalitangazi sana. Waridi hukatwa likiwa bado tumba, hupangwa kwa urefu wa shina, huingizwa chumba cha baridi, kisha lori lenye jokofu hulikimbiza uwanja wa Jomo Kenyatta.

Waholanzi hawakujaliwa hali hiyo ya hewa, wakajenga soko. Wakulima wa Aalsmeer walianzisha minada yao mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo mnada ni ushirika wa wakulima, Royal FloraHolland. Bei hapo haipandi, hushuka. Saa ya mnada huanzia juu ikiteremka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye kanunua. Ukisitasita kidogo tu, mwenzako kachukua. Kwa bidhaa inayonyauka, kasi hiyo ni pesa. Siku hizi wengi hubonyeza kwa kompyuta, wakiwa ofisini kwao.

Ila kinachomvuta mkulima wa mbali zaidi ya saa hiyo ni uhakika wa kulipwa, kwa sababu mnada ndio unaosimamia malipo. Kumfukuzia deni mwenye duka usiyemjua, katika nchi usiyoijua, ni kazi nyingine kabisa. Tena wakaguzi wa ubora, wenye malori na wauzaji wa jumla wote wako jirani.

Michael Porter, profesa wa biashara wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 1990 kwamba utajiri wa taifa hutengenezwa, haurithiwi. Mimi siikubali yote, kwani Waholanzi nao walirithi kitu: gesi iliyogunduliwa Groningen, kaskazini mwa nchi yao, mwaka 1959 ilipasha joto mashamba ya wakulima wa Uholanzi kwa miaka mingi, na bei ya gesi ilipopaa mwaka 2022, baadhi yao walizima vitalu nyumba vyao.

Kenya haijakaa tu. Maduka makubwa ya Uingereza hununua moja kwa moja mashambani, na sasa maua mengine husafiri kwa meli kutoka Mombasa ndani ya makontena ya baridi. Safari huchukua karibu mwezi, lakini nauli ni nafuu kuliko ya ndege. Tatizo ni kwamba si kila waridi huvumilia mwezi mzima gizani. Inabidi zitafutwe aina zinazovumilia, na aina nyingi zinazopandwa Kenya zimebuniwa Ulaya, Uholanzi ikiwemo. Mkulima huzilipia mrabaha, hata kama ua lenyewe halitafika Aalsmeer kamwe.