Mifupa inavunjika ovyo? Pima kalsiamu kabla ya kununua vidonge

Swali: Mama ana miaka 54. Mwaka jana alivunjika ubavu kwa kukohoa, juzi kateleza jikoni kavunjika mkono. Tumeambiwa ni umri, tukamnunulia vidonge vya kalsiamu. Vinatosha?

Umri huchangia, hasa hedhi ikishakoma. Lakini kikohozi hakitakiwi kuvunja ubavu. Mpimeni damu kwanza, kwani wapo ambao kalsiamu imejaa kwenye damu, na imetoka kwenye mifupa yao wenyewe.

Swali: Inatokaje huko?

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi (ile inayovimba mtu akiwa na goita), kwa kawaida kuna vitezi vinne vya parathairoidi, vidogo kama punje za mchele. Kalsiamu ya damu ikishuka, hutoa homoni inayoichota mifupani. Kimoja kikiota uvimbe, ambao mara nyingi si saratani, homoni haikomi na mifupa huchotwa usiku na mchana. Shingo kwa kawaida haionyeshi kitu. Mgonjwa hulalamikia mawe ya figo, kiu, choo kigumu, uchovu au huzuni, na kila kimoja hutibiwa kivyake.

Nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell, alivunjika mara kadhaa na kupungua kimo kwa takriban sentimita 18. Alipasuliwa shingo tena na tena bila mafanikio. Mwaka 1932, katika upasuaji wa saba, kitezi kibovu kilikutwa kifuani. Alifariki wiki chache baadaye.

Swali: Tuombe vipimo gani?

Kalsiamu na homoni ya parathairoidi (PTH), vyote kwa damu ya siku moja, pamoja na vitamini D na kazi ya figo. Angalizo moja: kalsiamu ikiwa juu, PTH ilitakiwa kushuka. Majibu yakisema PTH ni "ya kawaida", msiondoke, muulizeni daktari. Tatizo likithibitika, upasuaji wa kuondoa kitezi hicho huponya wengi.

Swali: Kuna sababu nyingine ya homoni?

Ipo, na huku kwetu ningeanza nayo: dawa za steroidi, zinazofanya kazi kama homoni ya kotisoli ambayo mwili hujitengenezea. Deksamethasoni inayomezwa ili kunenepa, prednisolone ya muda mrefu, hata krimu kali za kung'arisha ngozi, hudhoofisha mifupa. Mwambieni daktari kila anachomeza na kujipaka, bila aibu. Ila asiache ghafla: mwili uliozoea dawa hizo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake, na kuzikatisha kwa siku moja kunaweza kumwangusha.